Kobe wa msituni kwenye nyasi za Fort Portal: kisa cha watano waliobaki watatu

Kobe watano wa msituni, madume wawili na majike watatu, walikuwa wakifugwa katika ua wa nyumba moja nje kidogo ya Fort Portal, magharibi mwa Uganda. Kiangazi cha katikati ya mwaka kilipokwisha walikuwa wamebaki watatu. Mwenyewe ni mwanajeshi mstaafu ambaye mtaa mzima humwita Afande, mtu wa utaratibu, asiyelala kabla ya kuhesabu kuku wake. Kobe aliwalisha asubuhi na jioni, akawafagilia ua, akawazungushia uzio mbwa wasiwafikie. Mimi ni daktari wa wanyama niliyeitwa kuwatibu, na nalitaja hili mapema kwa sababu mnyama akifia mikononi mwa mtu, watu husema upesi kwamba mfugaji ni mzembe au hana huruma. Hapa uzembe haukuwepo, na huruma ilikuwa tele. Kilichokosekana ni kujua kwamba si kila kobe huishi kama kobe mwingine.

Alivyowapata ni hivi. Bundibugyo, ng'ambo ya Milima ya Rwenzori, ni wilaya ya kakao. Mashamba yake yamefika hadi pembezoni mwa msitu wa Semuliki, na wakulima wanapofyeka au kugeuza magogo yaliyooza hukuta kobe wamejificha chini yake. Wengi huishia chunguni. Afande ana shemeji mwenye shamba huko, na kila aliposikia kuna kobe ameokotwa alimnunua ili asiliwe. Nia hiyo naiheshimu, ingawa ununuzi wenyewe una matatizo yake, nami nitayafikia.

Tena hakuwa mgeni wa kobe. Zamani akiwa kambini Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, alimfuga kobe mkubwa wa madoa, yule wa nyika kavu, akaishi naye miaka akila nyasi na kuota jua mchana kutwa. "Dokta, mimi kobe nawajua," aliniambia tulipokutana. Kwa kobe wa Karamoja, anawajua kweli. Hao wa Bundibugyo akawaweka vilevile: uwanja wa nyasi fupi zilizokatwa, jua la kutosha, kibanda cha bati kwenye kona, sahani ya maji, kabichi, sukumawiki, na posho (ugali wa mahindi) iliyobaki mezani.

Ni lazima nieleze hapa mnyama mwenyewe, maana kisa chote kimesimama juu ya maumbile yake. Kobe wa Bundibugyo ni wa jenasi ya Kinixys. Hawa ndio kobe pekee duniani wenye bawaba kwenye gamba la juu: upande wa nyuma kuna mstari laini unaoliruhusu gamba kushuka na kufunika miguu ya nyuma na mkia. Ndani ya jenasi hiyo wapo wa savana, nao huvumilia ukame. Wa Afande walikuwa Kinixys erosa, mkubwa kuliko wenzake wote wa jenasi, mwenye gamba la kahawia ambalo kingo zake za mbele na nyuma zimepinda kwenda juu na kufanya meno. Dume humjua kwa mkia mnene na kwa ncha ya gamba la chini iliyochomoza mbele chini ya shingo, ambayo huitumia kumsukuma na kumpindua dume mwenzake.

Kobe huyu huishi katika misitu ya mvua kuanzia Afrika Magharibi, kupitia Congo, hadi Uganda. Semuliki ni ukingo wa mashariki wa msitu mkubwa wa Ituri wa Congo, na ndiyo sababu una viumbe wengi wa Congo usiowakuta kwingine nchini. Ndani yake jua halifiki chini ila kwa vipande vipande. Kobe huyu hushinda amejifukia kwenye majani yaliyooza, chini ya mizizi au ndani ya gogo, akatoka alfajiri, jioni, au mvua inaponyesha. Huingia kwenye vinamasi na vijito bila woga. Nyasi kwake si chakula. Hula uyoga, matunda yaliyoanguka, konokono, minyoo ya ardhini, majongoo, hata mzoga akiukuta. Sasa rudi kwenye ule uwanja wa nyasi na kabichi, uone ni vitu vingapi vilikuwa kinyume chake kwa wakati mmoja.

Niliitwa kwa ajili ya jike mmoja aliyekuwa amelegea. Siku iliyotangulia Afande aliona minyoo kwenye kinyesi, akaenda duka la dawa za mifugo, akauziwa ivermectin ya sindano, ileile ya ng'ombe na mbuzi, na muuzaji akaja mwenyewe kumchoma nusu mililita kwenye paja. Nilipofika, shingo ilikuwa imelala nje, miguu yote minne imening'inia, na nilipomgusa pua hakurudisha kichwa. Macho yalikuwa wazi. Alikuwa hai, lakini misuli haikuitikia.

Ivermectin ni sumu kwa kobe. Kwa mbuzi, ng'ombe na binadamu dawa hii hupooza mishipa ya fahamu ya vimelea bila kumdhuru anayevibeba, kwa kuwa kuna kizuizi kati ya damu na ubongo kinachoizuia isipenye. Kwa kobe hupenya. Mnyama hulegea mwili mzima, na hapo ndipo umbile lake linapomgeuka: mbavu za kobe zimeungana na gamba, haziwezi kutanuka, kwa hiyo hupumua kwa kutumia misuli ya tumbo na ya miguu. Misuli hiyo ikipooza, pumzi inakatika. Dawa ya kuiondoa sumu hiyo haipo. Kinachoweza kufanyika ni kumpumulisha kwa mrija na kumpa joto na maji hadi dawa iishe mwilini, kazi ya siku nyingi inayohitaji vifaa ambavyo sikuwa navyo. Alikufa usiku ule.

Hesabu yake pia iangaliwe. Dawa ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa mililita, na mbuzi hupewa mililita 1 kwa kila kilo 50. Jike yule alikuwa na kilo 1.4. Hata kama angekuwa mbuzi wa uzito huo, alistahili mililita 0.028, kiasi ambacho sindano ya kawaida ya dukani haiwezi kukipima. Alichomwa karibu mara 18 ya hapo. Wala nisieleweke kwamba kipimo cha mbuzi kingemfaa; kobe hapewi ivermectin kabisa, iwe ya sindano, ya kunywa au ya kupaka. Ningetamani kila duka la dawa za mifugo liibandike sentensi hiyo ukutani.

Simlaumu Afande kwa kuiamini. Ni dawa inayoheshimika katika eneo letu kuliko nyingi. Watu wa Itwara, hapo karibu na Fort Portal, waliimeza miaka na miaka dhidi ya ugonjwa wa usubi, na wengi wamenufaika nayo. Mbuzi wanapewa, nguruwe wanapewa, mbwa wanapewa. Nani angedhani kuna mnyama wa nyumbani inayemuua? Kuhusu muuzaji naona tofauti: mtu anayejitolea kuchoma sindano mnyama ambaye hajawahi kumtibu ana wajibu wa kuuliza kwanza.

Laiti kisa kingeishia hapo kingekuwa rahisi: kobe kauawa na sindano. Lakini nilipompasua kwa idhini ya mwenyewe, figo zilikuwa zimepauka na kujaa chembe nyeupe, na chembe hizo hizo zilikuwa zimetanda kama chokaa juu ya moyo. Hiyo si kazi ya ivermectin, na haifanyiki kwa siku moja. Kobe wa nchi kavu hutoa sehemu kubwa ya taka za mwili wake kama asidi ya yuriki, ule uchafu mweupe mzito unaouona kwenye mkojo, ili asipoteze maji. Mwili ukikaukiwa kwa muda mrefu, uchafu huo hushindwa kutoka, huganda ndani ya figo, kisha huenea kwenye viungo vingine. Jike huyu alikuwa akifa kwa kiu kabla hajachomwa, huku sahani ya maji iko hatua chache kutoka alipolala.

Vipi kobe afe kwa kiu penye maji? Jibu lilikuwa kwenye wanne waliobaki. Wote walikuwa wamejibana kwenye kivuli chembamba cha kibanda cha bati. Kufika kwenye sahani kulimaanisha kukatiza uwanja wenye jua kali, jambo ambalo mnyama wa kivulini halifanyi mchana, na usiku baridi ilikuwa ikimzuia kutembea. Halafu sahani yenyewe ilikuwa ya kina, ya kunywea mbwa. Kobe huyu hunywa kwa kuingia majini na kuzamisha kichwa, na sehemu kubwa ya maji ya mwili wake huyalinda kwa kukaa mahali penye unyevu. Msituni unyevu wa hewa huzidi asilimia 80. Kwenye nyasi fupi za kiangazi, saa nane mchana, hewa ilikuwa kavu hadi kipimo changu kikanishtua.

Kulikuwa na jambo jingine lililomuumiza Afande kulisikia: kila asubuhi watoto wa nyumbani waliwanyanyua kobe kuwaonyesha wageni. Kobe akinyanyuliwa kwa ghafla hukojoa, na kibofu chake ndicho ghala la maji. Kila mgeni aliyeonyeshwa aliwapunguzia akiba.

Nilipowachunguza wanne hao, macho yalikuwa yamezama, ngozi ya shingo imekunjamana, na wawili walitoa ute puani. Kipimo ninachokiamini zaidi kwa Kinixys ni bawaba yenyewe. Mwenye nguvu ukimgusa kiuno hulifunga gamba kwa kishindo, na kidole chako kikibaki pale utajuta. Kati ya wanne ni dume mmoja tu aliyefunga sawasawa. Mmoja wa majike alilishusha gamba nusu, akaliachia. Gamba la dume wa pili lilikuwa na michubuko mbele, alama za kusukumwa na mwenzake. Madume wawili kwenye ua mdogo usio na pa kujificha hawapatani, na anayeshindwa huacha kula.

Na sasa baridi, ambayo wengi hawaifikirii. Mtu wa Uganda akisikia mnyama wa nchi za joto hudhani yuko kwao popote pale nchini. Semuliki iko kwenye mwinuko wa kama mita 700. Fort Portal ni mita 1,500 hivi. Barabara inayozunguka ncha ya kaskazini ya Rwenzori unaweza kuimaliza kwa asubuhi moja, lakini unapanda mita 800, na kwa mwinuko huo hewa hupoa kwa nyuzi tano au zaidi. Usiku wa Fort Portal hushuka hadi nyuzi 14 au 15. Kobe huyu hustawi kati ya nyuzi 22 na 28. Chini ya hapo tumbo lake halisagi chakula, kinga inashuka, na mafua ya kawaida yanageuka kuwa nimonia. Afande alikuwa amewapeleka katika nchi nyingine ya hewa bila kuvuka mpaka wowote wa nchi.

Wafugaji wa ng'ambo waliligundua hili kwa njia chungu. Kinixys wa msituni walioagizwa kutoka Ghana na Togo kwenda Ulaya na Marekani wamejulikana miaka mingi kama kobe wanaofika wamekauka, hawali, wamejaa vimelea, na kufa mapema. Nilimweleza Afande hayo. Akauliza, "Sasa mimi niliye nao hapahapa Afrika, wananifia vipi?" Niliona swali hilo lina haki yake, na jibu ndilo hilo la mita 800 na kivuli.

Kazi ya kuwaokoa ilianza na maji, si dawa. Kila mmoja alikuwa akiwekwa kwenye beseni lenye maji ya uvuguvugu yanayofika kidevuni tu, asubuhi na jioni, akae nusu saa. Walikunywa kwa muda mrefu, shingo zimenyooshwa, hata Mama mwenye nyumba akasimama mlangoni na kusema, "Kumbe walikuwa wanateseka hivi." Dawa ya minyoo nikaisitisha. Karibu kila kobe wa porini ana minyoo na huishi nayo vizuri. Humlemea akiwa dhaifu. Kumpa dawa mnyama ambaye figo zake hazina maji ni kumwongezea mzigo. Baadaye, waliponenepa kidogo na kukojoa vizuri, nilipima kinyesi kwa hadubini na kuwapa dawa nyingine ya minyoo, fenbendazole, kwa mdomo, kwa kipimo cha uzito wa kila mmoja.

Ua ulibadilishwa wote. Uwanja wa nyasi uliachwa, tukahamia nyuma ya nyumba kwenye migomba. Hapo palikuwa na kila kitu ambacho Afande alidhani ni uchafu: majani makavu yaliyorundikana, mashina ya migomba yanayooza, udongo mweusi wenye minyoo. Tulizidisha majani hadi yakafika goti, tukalaza magogo mawili matupu, tukafukia karai pana lenye maji ya kina kifupi na mteremko wa kuingilia, na Afande akawa anamwagilia eneo lote kwa bomba asubuhi na alasiri. Katikati tuliweka ukuta wa mabati uliofukiwa chini, madume wasionane. Kuonana tu kunatosha kuwakosesha raha, kwa hiyo uzio wa wavu haufai.

Joto la usiku lilitusumbua zaidi. Shauri la kwanza la nyumba lilikuwa sigiri ya mkaa, kama watu wanavyowafanyia vifaranga. Nililikataa kwa nguvu. Moshi wa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua, na hata usipoua unaikausha hewa, jambo lilelile tulilokuwa tukipigana nalo. Taa ya joto ilikuwa na kasoro hiyo ya kukausha, na umeme wenyewe hukatika. Tulichokubaliana ni sanduku kubwa la mbao lenye kuta mbili zilizoshindiliwa maganda ya kahawa, ndani limejaa majani mabichi na makavu, na madumu ya maji ya moto yaliyofungwa kwa magunia yakiwekwa humo jioni. Afande aliamka usiku wa manane kuyabadilisha, kwa nidhamu ileile ya lindo. Asubuhi kipimajoto kilionyesha nyuzi 21 au 22, nami niliridhika.

Chakula kilikuwa furaha. Posho na kabichi viliondoka. Wakaletewa fene lililoiva, papai, mapera, ndizi ndogo zilizoanza kuwa nyeusi, uyoga wa kulimwa kutoka sokoni, na konokono na minyoo waliookotwa na watoto migombani. Uyoga wa porini nilikataza, kwa kuwa hatukuwa na mtu wa kuutambua kwa hakika. Jike aliyekuwa hafungi gamba aligusa kwanza uyoga, wiki mbili nzima kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Dume aliyekuwa na michubuko hakupona. Ute wa puani uligeuka kuwa mzito, akaanza kupumua huku amenyoosha shingo na kufumbua mdomo, na viuavijasumu vilichelewa. Mapafu yake yalikuwa yamejaa usaha. Naamini huyu aliuawa na baridi pamoja na kusumbuliwa na mwenzake, zaidi kuliko ukame.

Imebaki sheria, ambayo Afande aliiogopa kuliko ugonjwa. Kwa Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019, mnyama wa porini hamilikiwi kwa kumwokota wala kwa kumnunua kwa aliyemwokota. Kumfuga kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori. Kobe wote wa nchi kavu wako pia chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo kumvusha mpaka bila hati ni kosa la pili. Na mpaka uko karibu mno: mto Lamia unatenganisha Bundibugyo na Congo, na shemeji hakuweza kueleza kwa hakika kila kobe aliokotwa upande gani. Juu ya hayo, kila aliyenunuliwa ili asiliwe aliwafundisha wakulima kwamba kobe ana bei. Jike wa aina hii hutaga mayai machache tu kwa mara moja. Wakubwa wakitolewa msituni, pengo lao haliwahi kuzibwa haraka.

"Dokta, wakija kunikamata?" aliuliza. Nilimwambia kwamba anayejitokeza mwenyewe na daftari la matibabu mkononi husikilizwa tofauti na anayefumaniwa, na kwamba mimi sitaweza kuendelea kutibu kwa siri. Alikaa kimya, kisha akapiga simu mwenyewe. Maofisa walikuja, wakaandika maelezo, wakampa onyo, wakaruhusu watatu wabaki pale kwa uangalizi hadi watafutiwe mahali.

Wazo la kuwaachia katika msitu wa Kibale, ulio jirani, lilijadiliwa na kila aliyepita pale, na kila mara nililipinga. Kibale uko juu na ni wa baridi kuliko Semuliki. Kobe waliokaa pamoja wakiwa na mafua wanaweza kubeba vijidudu bila dalili na kuwapelekea wenzao wa porini. Kuwarudisha Semuliki kwenyewe kunahitaji vipimo, karantini, na uhakika wa walikotoka. Kwa hiyo wako migombani, majike wawili na dume mmoja, kila upande na karai lake, na uzito wao unaandikwa kila Jumapili. Majike wote wawili sasa wanafunga gamba.

Mwezi wa Oktoba shemeji alipiga simu kwamba ameokota mwingine chini ya gogo. Afande alimwuliza gogo liko wapi, upande wa shamba au wa msitu, kisha akamwamuru amrudishe palepale kabla ya jioni, aliache gogo lilivyo, na asimwambie mtu bei yoyote.